Kitu Kiko Wapi? Mhadhara Juu ya Vifaa vya Hisi Mbadala



Kifaa nitakachoanza nacho kilijengwa San Francisco katika miaka ya 1960, ndani ya kiti kikuukuu cha daktari wa meno. Paul Bach-y-Rita na wenzake walipachika kwenye egemeo la kiti hicho vijipini 400 vinavyotetemeka, safu 20 zenye vijipini 20 kila moja, wakaviunganisha na kamera ya televisheni iliyosimama kando juu ya miguu mitatu. Pale kamera inapopata mwanga, vijipini vya sehemu hiyo hutetemeka. Penye giza hutulia. Anayekalia kiti ni mtu asiyeona, na wengi wa wale wa mwanzo walikuwa hawajaona tangu kuzaliwa. Kamera anaiendesha yeye mwenyewe kwa mkono wake. Makala waliyoichapisha mwaka 1969 katika jarida la Nature haizidi kurasa mbili, lakini utafiti wote wa vifaa vya hisi mbadala unaofanywa hadi leo unarudi kwayo.

Watu hao walijifunza kwanza kutofautisha mstari wima na mstari wa kulala, kisha duara na mraba, kisha vitu vya kila siku kama simu na kikombe. Hadi hapo sioni ajabu kubwa. Ngozi inaweza kusoma, na wasomaji wa nukta nundu wamelithibitisha hilo kwa karibu miaka 200. Ajabu ilikuja baadaye. Kadiri mazoezi yalivyoendelea, walianza kueleza vitu vilivyopangwa mezani: kipi kiko mbele, kipi kimejificha nusu nyuma ya mwenzake. Walijua kwamba umbo linalotanuka mgongoni ni kitu kinachosogea karibu, na kwamba umbo linalopindika ni kitu kilekile kikitazamwa kutoka upande mwingine. Na katika maelezo yao mgongo haukutajwa tena. Kitabu cha Bach-y-Rita cha mwaka 1972 kinasimulia tukio ambalo wanafalsafa hawachoki kulirudia: lenzi ya kamera ilisogezwa ghafla bila aliyekaa kitini kujua, picha ikatanuka kwa kasi, naye akainua mikono na kujitupa nyuma. Uzito wa tukio hili uko katika upande aliojitupia. Vijipini vilikuwa nyuma yake. Mtu anayekimbia mtekenyo wa mgongoni huinama mbele, lakini huyu alirudi nyuma, akaukandamiza mgongo wake kwenye vijipini vilevile, kwa kuwa alichokuwa anakikwepa kilikuwa mbele.

Kimefikaje mbele? Ngozi iliyoguswa iko nyuma. Neva zilizopeleka habari kwenye ubongo ni za mgongoni. Hakuna mwale wala mguso wowote uliotoka mbele ukamfikia mtu yule moja kwa moja. Jibu linalosikika sana ni kwamba ubongo ni hodari wa kutafsiri: unapokea alama, unazichambua, unatengeneza picha, basi. Jibu hili lina kasoro moja ambayo watafiti wa kiti kile waliigundua mapema. Mtu mwingine akiiendesha kamera, au kamera ikiachwa imetulia, aliyekaa kitini anabaki na mitetemo ya mgongoni tu, hata kama alama zinazofika kwenye ngozi yake ni zilezile. Ingekuwa kazi yote ni tafsiri ya alama, isingejali nani kashika kamera.

Kwa maoni yangu, kinachomfikisha mtu kwenye kitu cha nje ni uhusiano wenye kanuni kati ya mwendo wake mwenyewe na mabadiliko ya anachohisi. Akigeuza kamera kushoto, umbo linakwenda kulia mgongoni, akisogea, linakua, akirudi pale alipokuwa, linarudi kuwa kama lilivyokuwa. Katika mabadiliko yote hayo kuna kitu kimoja kisichobadilika, na hicho hakiko mgongoni, maana mgongoni kila kitu kinabadilika. Kukipata hicho kisichobadilika, na kukipata pale kilipo, ndiko kukiona au kukihisi kitu cha nje. Kifaa hakihitaji kuleta picha. Kinahitaji kumpa mtu kanuni na nafasi ya kuijaribu kwa mwili wake. Nitaitetea hoja hii kwa ushahidi, kisha nitaipunguza kidogo, kwa sababu kama nilivyoieleza sasa hivi inadai kupita kiasi.

Jambo lenyewe lina umri mrefu kuliko kamera. René Descartes, katika kitabu chake kuhusu nuru cha mwaka 1637, alieleza jinsi asiyeona anavyotambua miti, mawe, mchanga na maji kwa ncha ya fimbo yake, akasema mtu angeweza kudhani kwamba watu hao wanaona kwa mikono. Wavuvi wa pwani yetu hawahitaji Descartes kuwaeleza. Anayesukuma mtumbwi kwa upondo anajua kama chini kuna mchanga, tope au tumbawe, na anajua hivyo kwenye ncha ya upondo, chini ya maji, wala si kwenye kiganja. Kiganjani kuna mbinyo tu. Akiushika upondo bila kuusogeza, ule mchanga na lile tumbawe vinafifia, na kiganja ndicho kinachobaki. Fimbo nyeupe na upondo ni vifaa vya hisi mbadala vilivyo kamili, visivyo na waya hata mmoja.

Atakayesema kwamba kifaa cha San Francisco kilifaulu kwa sababu ya wingi wa nukta zake anapaswa kutazama majaribio ya Charles Lenay na wenzake, yaliyofanyika katika miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Compiègne, Ufaransa. Wao waliondoa karibu kila kitu. Walimfunga mtu macho, wakamvisha kidoleni mwa mkono mmoja kihisi kimoja cha mwanga, na mkono wa pili wakampa kitetemeshi kimoja. Mwanga ukiingia kwenye kihisi, kitetemeshi kinatetemeka, usipoingia, kimya. Hakuna kiasi wala umbo, ni ndiyo au hapana. Mbele yake, mahali asipopajua, imewekwa taa. Picha haiwezekani hapa kwa maana yoyote ile, kwa sababu nukta moja haichori kitu. Hata hivyo watu walijifunza kuonyesha taa iko upande gani na, jambo zito zaidi, iko umbali gani.

Inawezekanaje? Fikirini mkono wenyewe. Kidole kikielekea taa, mtetemo unakuja. Mkono ukisogezwa kulia kidogo bila kugeuza kifundo, mtetemo unakatika, na ili kuupata tena lazima kifundo kigeuzwe kushoto. Taa ikiwa karibu, kifundo kitageuzwa sana kwa mwendo mdogo wa mkono. Ikiwa mbali, kitageuzwa kidogo. Kwa hiyo umbali wa taa haumo katika mtetemo wowote. Umo katika uwiano kati ya kusogeza mkono na kugeuza kifundo ili mtetemo usipotee. Anayeujua uwiano huo kwa vitendo anajua umbali. Na mkono ukitulia, anabaki na mtetemo usio na mahali, au kimya kisicho na mahali. Nayathamini majaribio haya kuliko yote nitakayoyataja leo, kwa sababu yanatuonyesha kitu cha nje kikipatikana katika umaskini wa kutisha wa habari, ilimradi mwendo upo.

Hapa huja pingamizi la kwanza, nalo ni la busara: mtu mwenye macho huona hata akitulia tuli, akikodolea jambo moja, kama kuona kungetegemea mwendo, angepofuka kila anapotulia. Ukweli ni kwamba macho hayatulii kamwe. Hata tunapodhani tumekodoa, mboni hucheza kwa miendo midogo isiyokoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Robert Ditchburn nchini Uingereza na Lorrin Riggs nchini Marekani, kila mmoja kwa upande wake, walitafuta njia ya kuifuta athari ya miendo hiyo. Walipachika kioo kidogo kwenye lenzi inayovaliwa juu ya mboni, ili picha isogee sawasawa na jicho na ibaki mahali palepale kwenye retina. Baada ya sekunde chache picha ilififia na kutoweka, ingawa mwanga ulikuwa unaingia jichoni kama kawaida. Jicho lililonyimwa mabadiliko linapoteza kitu, kama kidole cha Compiègne kilichotulia.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na linatoka kwa watu wanaovijua vifaa hivi vizuri. Wanasema mtumiaji anahisi mtetemo au anasikia sauti, kisha anakisia: mtetemo huu lazima unatokana na kikombe kilicho mbele. Ophelia Deroy na Malika Auvray, katika makala yao ya mwaka 2012, walipendekeza tulinganishe matumizi ya vifaa hivi na kusoma. Msomaji hupita kwenye herufi kwenda kwenye maana bila kuzifikiria herufi, lakini hakuna anayesema kwamba ameona kwa macho kile alichokisoma. Pengine aliyekaa kitini San Francisco alikuwa msomaji hodari wa mgongo wake, hakuna zaidi.

Ulinganisho huo una ukweli ndani yake, hasa kwa anayeanza, ambaye kweli huchambua na kukisia hatua kwa hatua. Na vipo vifaa ambavyo ni vya kusoma moja kwa moja. Optacon, iliyobuniwa Stanford na kuuzwa tangu miaka ya 1970, ilikuwa na vijipini 144 chini ya kidole kimoja, huku mkono mwingine ukipitisha kamera ndogo juu ya ukurasa. Kazi yake ilikuwa kuleta herufi za kitabu cha kawaida, na iliifanya kwa heshima kubwa kwa takriban robo karne. Lakini kusoma kunakupa maana bila kukupa mahali. Neno “simba” ukilisoma halikufanyi uiname. Umbo lililotanuka ghafla mgongoni lilimfanya mtu ajitupe nyuma kabla ya kupata muda wa kukisia lolote. Zaidi ya hapo, kuna ushahidi wa kale unaoonyesha kwamba mtu anaweza kukipata kitu cha nje bila hata kujua ni hisi ipi iliyomletea, na asiyejua ushahidi wake hawezi kuwa anakisia kutokana nao.

Namaanisha kile kilichoitwa kuona kwa uso. Denis Diderot, mwaka 1749, aliandika juu ya mtu asiyeona wa Puiseaux aliyejua ukaribu wa vitu kwa jinsi hewa inavyogusa uso wake. Kwa karne mbili watu wengi wasioona walieleza hivyohivyo: ukikaribia ukuta, unahisi kitu kwenye paji la uso au mashavuni, kama pazia jepesi. Mwaka 1944 Michael Supa, ambaye mwenyewe alikuwa haoni, pamoja na Milton Cotzin na Karl Dallenbach, walilipima jambo hili katika Chuo Kikuu cha Cornell. Waliwafunika watu uso na mikono ili hewa isiwaguse, na bado watu walisimama kabla ya kugonga ukuta. Waliwaziba masikio wakaacha uso wazi, na watu wakagonga ukuta kila mara. Hatimaye walimketisha mtu katika chumba kingine akiwa na kisikizio cha simu, huku mtafiti akitembea kuelekea ukuta na kinasasauti mkononi, naye akaweza kusema sasa kizuizi kimekaribia. Ilikuwa mwangwi muda wote. Watu walikuwa wakitumia masikio wakaamini wanatumia mashavu, lakini juu ya ukuta wenyewe hawakukosea. Walikosea njia, hawakukosea mahali. Kama ukuta ungekuwa hitimisho la kukisia kutokana na sauti, wangeijua sauti kwanza.

Pingamizi la tatu ndilo linalonilazimisha kuipunguza hoja yangu kama nilivyoahidi. Mwaka 1986 William Epstein na wenzake, Bach-y-Rita mwenyewe akiwa mmoja wao, waliuliza swali rahisi: mtu akipewa kifaa bila kuambiwa ni cha nini, mitetemo ikabadilika kwa kanuni kulingana na mwendo wake, je, atafikia mwenyewe wazo kwamba kuna kitu huko nje? Kwa jumla, washiriki hawakulifikia. Ingekuwa uhusiano wa mwendo na mtetemo unatosha peke yake, wangelifikia.

Nakubali kwamba hautoshi peke yake. Lakini angalieni kilichokosekana katika jaribio hilo. Mshiriki hakuwa na shughuli ya kufanya na kitu chochote. Hakupewa cha kukamata, kukwepa wala kufuata. Waliokaa kwenye kiti cha San Francisco walikuwa wakitafuta vitu tangu dakika ya kwanza, na mwenye fimbo nyeupe hupigana na ukingo wa mtaro kila siku. Dunia inamjibu kwa ukali akikosea. Kanuni inahitaji mtu anayetafuta kitu kwa njia yake. Mtafutaji hahitaji kuambiwa kanuni ikoje, ila anahitaji kuielekeza mahali.

Je, kwa kuongeza kutafuta sijairudisha tafsiri kwa mlango wa nyuma? Ningeogopa hivyo kama si jaribio la Joshua Siegle na William Warren, lililochapishwa mwaka 2010. Walitumia kifaa cha aina ya Compiègne, chenye kihisi kimoja cha mwanga kidoleni na kitetemeshi kimoja mgongoni, na kazi ilikuwa kukadiria umbali wa taa. Kundi moja lilielekezwa kukaza fikra kwenye taa yenyewe, huko iliko. Kundi la pili lilielekezwa kuzingatia mkono wake ulivyokaa na mitetemo inayokuja, yaani vile vipande hasa ambavyo mkisiaji angevihitaji ili akokotoe umbali. Kundi la kwanza liliboreka kwa mazoezi. La pili halikuboreka. Waliopewa nafasi nzuri kabisa ya kukisia ndio walioshindwa, na waliousahau mwili wao wakaielekea taa ndio walioipata. Sijui jibu jingine linaloubeba ushahidi huu pamoja na ule wa Epstein bila kuuvunja mmoja wao.

Kuna anayeuliza kama huku ni kuona. Swali hili limekula kurasa nyingi kuliko linavyostahili, kwa sababu linachanganya mawili: kitu kiko wapi, na kukipata kunahisije. Ron Kupers na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2006, waliwafunza watu wasioona kutumia kifaa cha ulimini, kinachousisimua ulimi badala ya mgongo, kisha wakausisimua kwa sumaku upande wa nyuma wa ubongo, ambao kwa wenye macho hushughulikia kuona. Kabla ya mafunzo hapakuwa na kitu; baada ya mafunzo baadhi yao walihisi msisimko kwenye ulimi. Kwa upande mwingine, Jamie Ward na Peter Meijer waliripoti mwaka 2010 juu ya watumiaji wawili wa kifaa kinachogeuza picha kuwa sauti, waliopoteza macho ukubwani, waliosema wanachopata kinafanana na kuona. Historia ya mtu inatia ladha yake. Kitu kuwa nje hakitegemei ladha hiyo, na ndiyo maana yule mtu asiyeona wa San Francisco alijitupa nyuma sawasawa na ambavyo ningejitupa mimi.

Meijer huyo, mhandisi wa Uholanzi, ndiye aliyebuni kifaa kinachoitwa The vOICe na kukitangaza mwaka 1992. Kinachukua picha ya nukta 64 kwa 64 na kuipitia kutoka kushoto kwenda kulia kwa muda wa sekunde moja: kilicho juu kinalia kwa sauti nyembamba, kilicho chini kwa sauti nene, na kinachong’aa kinasikika kwa nguvu zaidi. Kwa hesabu hiyo kina nukta zaidi ya 4,000, mara kumi ya kiti cha Bach-y-Rita, na leo kinaendeshwa kwenye simu ya kawaida ya mkononi bila malipo. Watu waliofungwa macho wamejifunza kwacho kutambua na kutafuta vitu mezani. Ni kazi ya kustahiwa. Lakini hoja yangu inanilazimisha kusema kina udhaifu ambao nukta haziwezi kuuponya: anayegeuza kichwa lazima angoje hadi picha imalizike kusomwa ndipo ajue kugeuka kwake kumebadilisha nini. Katika kiti kile cha kale jibu lilikuja papo hapo, na kwa vifaa vya mtetemo vya aina hiyo watu waliweza kufunzwa kuugonga mpira unaobingirika mezani kuja kwao. Sitegemei kuona mpira ukigongwa kwa kifaa kinachosubiri sekunde nzima. Kitamwambia mtu kilichopo mezani, kwa undani hata, lakini kumkwepesha, hapana.

Wabunifu wengi wamekimbilia nukta, na naielewa sababu. Neva ya jicho moja ina nyuzi takriban milioni moja, ngozi na sikio havikaribii hapo, na kila anayetengeneza kifaa huona aibu kwa pengo hilo. Ulimi ulichaguliwa katika miaka ya 1990 na kundi la Bach-y-Rita huko Wisconsin kwa sababu ni laini, una neva nyingi, na mate hupitisha umeme kwa urahisi hata ukiwa mdogo sana. Kutokana na kazi hiyo kikatokea BrainPort, ambacho mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikiruhusu mwaka 2015. Kinamgharimu mnunuzi maelfu ya dola, na kinaukalia mdomo ambao mwenyewe anautaka kwa kuongea. Zaidi ya nusu karne baada ya makala ya Nature, wasioona wengi duniani hawajawahi kukigusa kifaa chochote cha aina hii, na wengi wa waliokigusa wamekiweka kabatini. Wapo wanaolitumia hili kama hoja dhidi ya jambo lenyewe: kama vitu vya nje vinapatikana kweli, mbona watu hawavitaki vifaa? Nadhani watu wametoa hukumu sahihi, na hukumu hiyo inaniunga mkono. Fimbo nyeupe haina hata nukta mbili, lakini jibu lake halichelewi, haiuzibi mdomo wala sikio, na inarudisha mguso wa ukuta wenyewe. Wapo pia wanaotumia ulimi kwa namna nyingine, kama Daniel Kish wa Marekani, anayepiga kidoko na kusikiliza mwangwi wake, akafundisha wengine njia hiyo. Lore Thaler na wenzake waliwapima mwaka 2011 mabingwa wawili wa mwangwi wakakuta eneo la kuona la ubongo wao linafanya kazi wanaposikiliza. Kidoko kinapigwa na mwenyewe, wakati autakao, upande autakao, na mwangwi unarudi mara moja.

Huku kwetu, ambako fimbo nyeupe yenyewe bado haimfikii kila anayeihitaji, mpangilio wa mambo unafaa uanzie hapo: fimbo, mwalimu wa kutembea nayo, mazoezi ya mwangwi, kisha ndipo programu ya simu kwa kazi za kukaa mezani zisizo na haraka. Mwalimu atakayeifundisha amwache mwanafunzi aishike simu mwenyewe na kuisogeza mwenyewe tangu siku ya kwanza, hata kama atapotea. Kumshikia kamera kwa nia njema ni kumnyima kile ambacho kifaa kiliundwa kukitoa.

Limebaki jambo moja ambalo hoja yangu hailifikii. Bach-y-Rita aliripoti kwamba waliofaulu, baada ya jitihada ndefu, kuitambua sura ya mwenza au picha iliyosifiwa kwa uzuri, walivunjika moyo. Uso ulikuwepo, mbele yao, mahali pake, na haukuwagusa moyo hata kidogo. Wengine hulichukulia hili kama uthibitisho kwamba hawakuuona uso wenyewe, bali mpangilio wa nukta tu. Mimi naona ni kinyume. Mtu hasikitishwi na nukta. Waliufikia uso kiasi cha kushangaa kwamba furaha waliyoitarajia haikuja nao. Mahali pa kitu panaweza kujifunzwa kwa mkono unaosogea kwa saa chache. Kuuzoea uso hadi ukupe furaha kunadai miaka ya kuutazama ukicheka, ukikasirika, ukichoka, na hakuna aliyekalia kiti kile kwa muda huo.